Pettway wa Wilcox: kusaka ukoo kwenye makaratasi ya mwenye shamba

Wilcox County iko kusini-magharibi mwa Alabama, Marekani, makao makuu yake ni mji mdogo wa Camden, na ilianzishwa Desemba 1819, siku moja tu kabla Alabama yenyewe haijawa jimbo. Ila kinachonivuta mimi ni kona moja ya kaunti hiyo, pale Mto Alabama unapojikunja na kuizunguka ardhi pande tatu, panaitwa Gee's Bend. Joseph Gee alitoka North Carolina akaja kufungua shamba la pamba pale, alipofariki likabaki kwa ndugu zake, na mwaka 1845 wakamwachia jamaa yao Mark Pettway shamba hilo ili kulipa deni lao la dola 29,000. Pettway akahama na watumwa wake, kama mia moja hivi, na watu hao walitembea kwa miguu kutoka North Carolina mpaka Alabama.

Sasa ugumu wa kusaka ukoo wa watu hao unaanzia hapo. Uhuru ulipokuja wengi walibaki na jina la Pettway, wawe ndugu wa damu au la, kwa hiyo ukifungua sensa ya 1870 unakutana na Pettway juu ya Pettway na majina ya kwanza nayo yanajirudia. Hiyo ndo sensa ya kwanza iliyowaandika waliokuwa watumwa kwa majina, lakini haisemi nani ni nani ndani ya nyumba, kusema huyu mke huyu mtoto huyu mkwe ilianza 1880. Naomba sana usiunganishe watu kwa sababu tu jina linafanana na umri unakaribiana! Nenda sensa ya 1900, ile ni tamu, ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na mama kazaa wangapi na walio hai wangapi. Katikati kuna shimo la miaka 20 manake sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto uliotokea Washington Januari 1921.

Kurudi nyuma ya 1870 ndo kazi yenyewe. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mwenye mali tu, halafu chini yake umri, jinsia na rangi, basi. Kwa hiyo inabidi umfuate mwenye shamba, usome wosia wake, hati zake za ardhi, za rehani, na hesabu ya mirathi iliyopigwa alipokufa, manake watu waliorodheshwa mle pamoja na nyumbu na majembe, jina na bei pembeni. Inauma kusoma mtoto kaandikiwa thamani yake kwa dola, lakini mara nyingi hapo ndo mahali pekee jina la bibi wa bibi yako lilipoandikwa, na wakati mwingine mama na watoto wake wamewekwa mstari mmoja, ushahidi ambao huupati kwingine kokote. Huko Alabama makaratasi haya yanatunzwa na ofisi ya jaji wa mirathi kwenye kila kaunti. Na kwa ukoo huu usiishie Camden, lazima urudi na Halifax County kule North Carolina walikotoka.

Usiiruke pia orodha ya wapiga kura ya 1867, wanaume weusi wameandikwa kwa majina yao kaunti kwa kaunti, miaka mitatu kabla ya ile sensa. Mimi naithamini kuliko zote kwa sababu ya kilichofuata: mwanzoni mwa 1965 hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura Wilcox nzima, na weusi ndo walikuwa wengi mno kuliko wazungu. Hata kivuko cha kuwavusha watu wa Gee's Bend kwenda Camden kilisimamishwa 1962, wakati harakati za kudai kura zimeanza, na hakikurudi mpaka 2006.

Kama ukoo wako unatokea huko anza na wazee walio hai, andika nani alizaliwa wapi na kazikwa wapi, ndo ufungue FamilySearch, tovuti ya kusaka ukoo, ni bure, kumbukumbu za Freedmen's Bureau, ile ofisi ya serikali iliyowahudumia watumwa walioachiwa huru, zimo na unaweza kutafuta kwa jina.