Vidonge viwili vya presha na kazi ya samaki: uzoefu wangu Mwanza

Ninauza dagaa na samaki wakavu katika soko la Mwaloni, Kirumba, na kwa miaka kadhaa sasa ninatumia dawa za presha ya kupanda. Kwa sasa ni mbili, amlodipini ya miligramu 5 na losatani ya miligramu 50, kila moja mara moja kwa siku. Wenzangu wengi sokoni waliandikiwa dawa za aina hii, wakazinywa mpaka kichwa kilipoacha kuuma, kisha wakaziweka kando. Wapo pia wanaozinywa bila kukosa, lakini wanazichanganya na vidonge vingine ambavyo hakuna aliyewaeleza kwamba vinapingana nazo. Hawa wa pili ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa maana mtu asiyekosa dozi hujiona yuko salama na haoni sababu ya kuuliza.

Presha yangu iligunduliwa katika kituo cha afya nilikokwenda kwa shida nyingine kabisa. Vipimo viliporudiwa kwa siku tofauti vilibaki juu ya 140 kwa 90, ingawa sikuwa na dalili yoyote. Daktari alinieleza kwamba dawa hulegeza mishipa ya damu kwa muda ambao imo mwilini, na ikishakwisha mishipa hurudi kukaza kama zamani. Maelezo hayo yalinitosha kuelewa kwa nini kipimo kizuri hakiwi ruhusa ya kuacha kidonge, na kwa nini wasemao kwamba "ukianza hutaacha" wanailaumu dawa kwa jambo ambalo ni la ugonjwa wenyewe.

Swali langu la kwanza lilikuwa la saa. Kazi yetu huanza kabla ya alfajiri, mitumbwi inapoingia, na asubuhi yangu haina utaratibu: siku nyingine ninakunywa chai saa kumi na moja, siku nyingine saa nne. Daktari alisema saa yoyote inafaa kwa dawa hizi mradi iwe ileile kila siku, nami nikachagua saa mbili usiku, baada ya chakula, kwa kuwa ndiyo saa pekee ambayo siku zote huwa nyumbani. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, na nusu yake huchukua kati ya saa 30 na 50 kutoka kwenye damu, ndiyo maana kidonge kimoja hutosha kwa siku nzima. Nikipitiwa na usingizi, ninakunywa mara ninapokumbuka. Ikiwa muda wa kidonge kinachofuata umekaribia, ninakiacha kilichopita na kuendelea na ratiba. Kunywa viwili kwa mpigo ili kulipa deni ni hatari, kwa sababu presha inaweza kushuka ghafla mtu akaanguka.

Hapo awali nilikuwa ninatumia amlodipini peke yake, na ilipopandishwa kufikia miligramu 10 miguu ilianza kuvimba kwenye vifundo, hasa jioni baada ya kusimama mezani siku nzima. Shangazi yangu alinishauri niache dawa mara moja. Jirani, kwa nia njema kabisa, alinipa jina la kidonge cha kupunguza maji mwilini. Nilirudi kwa daktari na vidonge vyangu mkononi. Alinipima figo, akanituma Bugando kwa kipimo cha moyo ili kuhakikisha kwamba uvimbe haukutoka huko, kisha akarudisha amlodipini kwenye miligramu 5 na kuongeza losatani. Alifafanua kwamba uvimbe wa namna ile ni jambo linalojulikana kwa amlodipini, hasa dozi inapokuwa kubwa, na kwamba kidonge cha kukojoza maji mara nyingi hakiuondoi, kwa kuwa hautokani na mwili kujaza maji mengi. Ndani ya wiki chache vifundo vilirudi katika hali yake. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ninaamini kwamba watu wengi huacha matibabu kwenye hatua hii hii, wakati dawa nyingine zipo na dozi inaweza kubadilishwa.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi katika kazi yetu ni dawa za maumivu. Anayenyanyua magunia huumwa mgongo, na katika maduka ya dawa ni rahisi sana kupewa diklofenaki au ibuprofeni, na hata kuchomwa sindano, bila kuulizwa chochote. Dawa za kundi hilo huufanya mwili ubakize chumvi na maji, kwa hiyo presha hupanda hata kwa mtu ambaye hajakosa kidonge. Kwa anayetumia losatani kuna hatari nyingine ndani ya figo: dawa ya maumivu hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio, losatani nayo hulegeza unaoitoa, na matokeo yake msukumo wa kuchuja hupungua. Ikiongezwa dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuumia vibaya. Kwa hiyo, kabla sijataja maumivu yangu dukani, husema kwanza, "Nina presha, ninatumia losatani na amlodipini." Mara nyingi ninaondoka na parasetamoli, ambayo huitumia kwa kipimo kilichoandikwa na kwa siku chache tu. Huuliza vivyo hivyo kuhusu dawa za mafua, kwa sababu zile zenye pseudoefedrini hupandisha presha.

Dawa za mitishamba nazo huletwa kila mara, na sizidharau, kwani nimekulia humo. Lakini nimezifanya kuwa jambo la kumwambia daktari waziwazi, hata juisi ya rozela, ambayo yenyewe hushusha presha kiasi na ikinywewa kwa wingi pamoja na vidonge inaweza kuleta kizunguzungu. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa jina la kulinda moyo nimeziacha kabisa: nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na losatani huibakiza potasiamu mwilini, nayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Chumvi ya kawaida nimeipunguza sana. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na kwa mtu anayeuza kayabo, sangara aliyejazwa chumvi, si vigumu kuona jinsi kipande kimoja kinavyoweza kukimaliza kiasi hicho. Nyumbani tunakula sato wabichi na dagaa waliokaushwa bila chumvi.

Ninaponunua dawa husoma jina la dawa yenyewe na miligramu zake, kwa sababu viwanda ni vingi na rangi ya kidonge hubadilika. Wakati mmoja niliuziwa pakiti mbili zenye majina tofauti ya kibiashara, na kwa maandishi madogo chini yake zote zilikuwa amlodipini. Mfamasia alizirudisha bila ubishi nilipomwonyesha. Vidonge ninaviacha ndani ya pakiti yake, mbali na jua na jiko. Nikivuka kwenda Nansio kufuata mzigo, ninabeba vya siku zaidi ya zile nilizopanga, kwenye mkoba wa mkononi, maana safari ya ziwani inaweza kuahirishwa kwa upepo. Hununua pakiti mpya wiki moja kabla ya ile ya zamani kwisha.

Binti wa mdogo wangu aliwahi kuniomba losatani baada ya kupimwa presha akiwa na ujauzito. Nilimkatalia na siku ileile nikampeleka kliniki ya wajawazito, kwa kuwa losatani inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na wajawazito wana dawa zao nyingine zinazochaguliwa na daktari.

Nyumbani nina mashine ya kupimia mkononi, ya kufunga juu ya kiwiko. Hukaa dakika 5 kwanza, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikiwa chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuzungumza na bila kahawa kwa nusu saa kabla yake. Hupima mara mbili na kuandika zote daftarini. Familia yangu inajua kwamba kipimo kikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, hatuongezi kidonge nyumbani. Tunakwenda hospitali papo hapo. Wanajua pia kwamba nikishikwa na kuhara au kutapika sana ni lazima nifike kituoni mapema, kwa sababu mwili uliopungukiwa maji hauivumilii losatani vizuri, na daktari ndiye atakayeamua kama isimamishwe kwa siku hizo.

Mwezi ujao nitarudia kipimo cha figo na potasiamu. Siku za karibuni ninapata kizunguzungu kidogo ninapoinuka ghafla kutoka kwenye kiti kifupi cha mezani, kwa hiyo ninapima nikiwa nimekaa, kisha tena baada ya kusimama, na kuandika namba zote mbili ili daktari aone tofauti yake kabla ya kuamua lolote kuhusu dozi.