Watoto wetu wamefika Unguja

Alhamdulillah, wanafunzi wetu wa Malindi wamerudi salama kutoka ziara ya Unguja, na wazazi wengi wananiuliza bei nafuu ile iliwezekanaje. Ndege tuliiacha kabisa. Tulikodi basi moja kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Tanga hadi Dar es Salaam, kisha boti, kama saa mbili baharini. Malazi ndiyo hula pesa! Aprili ni masika, watalii hupungua na nyumba za wageni Mji Mkongwe hushusha bei, lakini kwa kundi kubwa bado ni ghali. Tukaomba bweni la shule iliyokuwa likizo, tukabeba mashuka yetu, tukapika sufuria moja. Mkenya haombi viza Tanzania, ila pasipoti, barua za idhini ya wazazi na kadi za homa ya manjano zianzeni mapema, walimu wenzangu.