Nilifunga geji kabla ya kufunga turbo

Boksi la turbo lilikaa juu ya meza ya kazi wiki sita bila kufunguliwa. Katika muda huo wote niliendelea kupanda mlima na pikipiki yangu ya theluji ikiwa na injini yake kama ilivyotoka kiwandani, bila nyongeza yoyote isipokuwa geji nne kwenye usukani na daftari dogo ndani ya koti. Wenzangu waliniuliza kila mara nangoja nini. Nilitaka kwanza kuijua injini ikiwa nzima, kwa sababu geji ya joto la ekzosi inayosoma nyuzi 640 haimwambii kitu mtu asiyejua kama wiki iliyopita, kwenye mteremko uleule, ilisoma 600 au ilisoma hiyohiyo 640.

Sababu ya kutaka turbo ni hewa. Kwenye usawa wa bahari hewa ina presha ya kilopaskali 101 hivi, lakini kwenye kimo cha mita 3,000 hubaki takriban 70 tu. Injini huvuta kile inachopewa, kwa hiyo huko juu hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake, na huko juu ndiko theluji ilipo laini na yenye kina, mahali ambapo nguvu zinahitajika zaidi. Turbo huutumia moshi unaotoka kuzungusha feni ndogo, nayo feni hiyo, kwa ekseli moja, huzungusha ya pili inayokandamiza hewa inayoingia. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905, ingawa pikipiki ya theluji yenye injini ya mipigo miwili na turbo ya kiwandani ilikuja na Ski-Doo Summit ya toleo la 2020. Ya kwangu ni ya zamani kuliko hiyo, ndiyo maana nilinunua vifaa na kuvifunga mwenyewe.

Geji ya presha ya turbo ndiyo inayopendwa kuliko zote, na naamini ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Geji ya kawaida husoma tofauti kati ya presha iliyo ndani ya boksi la hewa, ambamo injini huvuta hewa yake, na presha ya nje. Ikisoma baa 0.3, yaani kilopaskali 30, kwenye mita 3,000, injini inapata kilopaskali 100 hivi, yaani imerudishiwa tu hewa ya usawa wa bahari. Ikisoma baa 0.3 hiyohiyo bondeni, karibu na usawa wa bahari, injini inapata kilopaskali 130, na hapo pistoni zinabeba mzigo ambao hazikuundiwa. Vali inayopitisha moshi pembeni ili turbo isizidi kasi hutegemea springi, na springi haijui uko kimo gani: ikipangiwa 0.35 itafunguka kwenye 0.35 popote ulipo. Kwa hiyo nilichagua geji inayosoma presha kamili, na chini ya namba 105 nimechora mstari mwekundu kwa kalamu ya rangi. Nikiteremka kurudi bondeni, naendesha kwa kuangalia mstari huo.

Geji ya joto la ekzosi ilinifundisha mengi zaidi. Nilitoboa kila bomba la ekzosi umbali uleule kutoka kwenye silinda, nikaingiza vipimo hadi ncha zikafika katikati ya bomba. Umbali huo lazima ulingane, la sivyo unalinganisha vitu viwili visivyofanana na unaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Nyaya za vipimo hivi ni za metali maalumu. Ukiziunga kwa waya wa kawaida wa shaba ili zifike kwenye usukani, kiungo chenyewe huingiza kosa katika usomaji, na kosa hilo hubadilika kadiri eneo la injini linavyopata moto. Niliagiza waya wa urefu unaotosha.

Katika zile wiki sita daftari lilinionyesha kwamba silinda ya upande wa klachi ilikuwa daima na joto la nyuzi 15 zaidi kuliko ile ya upande wa kamba ya kuwashia. Ningeiona tofauti hiyo kwa mara ya kwanza baada ya kufunga turbo, ningevua injini bure. Sasa najua kwamba 15 ndiyo hali yake, na kwamba 40 ni sababu ya kusimama. Ikumbukwe pia kwamba alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na moshi hufikia joto hilo bila shida. Pistoni huokolewa na mafuta mabichi yanayoipoza kila mzunguko na kuta za silinda zinazolinyonya joto lake. Jambo lililonichukua muda kulikubali ni kwamba injini ikianza kugonga kwa sababu mafuta yanajilipua kabla ya wakati, joto la ekzosi laweza hata kushuka, maana joto linakimbilia kwenye chuma badala ya kutoka na moshi. Ndiyo maana geji hiyo peke yake haitoshi, na ndiyo maana naipa geji ya joto la maji heshima ileile.

Kazi ya kufunga turbo yenyewe ilichukua wikendi mbili. Turbo inakaa mahali pa sailensa, baada ya bomba nene la ekzosi, kwa kuwa injini ya mipigo miwili inalitegemea bomba hilo kupata nguvu na halipaswi kuguswa. Ekseli ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili nyembamba, kwa hiyo nilijaza oili ndani yake kwa mkono kabla ya kuwasha mara ya kwanza, na bomba la kurudisha oili nililiwekea pampu yake, kwani turbo imekaa chini na oili haingeweza kushuka yenyewe. Plastiki zote zilizo karibu nilizikinga kwa kitambaa cha kuzuia moto. Sensa ya mchanganyiko wa hewa na mafuta niliifunga kwenye bomba lililo baada ya turbo, ikiinamia chini kidogo ili maji yasikae kwenye ncha yake, na umeme wake unakuja pale tu injini inapowashwa, kwa sababu sensa isiyopashwa moto ikiwa ndani ya moshi huharibika upesi. Oili iliyomo kwenye mafuta ya mipigo miwili huifupishia maisha hata hivyo. Ninayo ya akiba.

Safari ya tatu baada ya kufunga ndiyo iliyonithibitishia kwamba mpangilio huu ulikuwa na haki yake. Asubuhi ilikuwa na baridi kali, nami nilikuwa nimesimamisha injini muda mrefu kileleni. Nilipobonyeza mafuta kupanda mteremko uliofuata, presha ya turbo ilipanda kama kawaida, lakini geji ya presha ya mafuta ilibaki baa 3.0 pale ilipopaswa kufika 3.35, maana kila presha inayoongezeka kwenye boksi la hewa sharti iongezwe vilevile kwenye mafuta, vinginevyo nozeli zinazonyunyiza mafuta zinasukuma dhidi ya ukuta. Kipimo cha mchanganyiko kilitoka 12, yaani sehemu 12 za hewa kwa moja ya mafuta, kikaenda 13.4. Sikusikia chochote tofauti. Injini ilikuwa ikivuta vizuri, hata vizuri kuliko safari zilizotangulia, na hilo ndilo la kutisha, kwa sababu injini inayopungukiwa mafuta hukimbia vizuri sana dakika chache kabla ya kunoki. Niliachia mafuta, nikageuza, nikazima.

Niliuchomoa mpira mdogo unaopeleka presha ya boksi la hewa kwenye regyuleta, kifaa kinachopanga presha ya mafuta, nikaupulizia kwa mdomo, haukupitisha pumzi. Nilipoupasha moto ndani ya kiganja, ikadondoka punje ya barafu isiyozidi punje ya mchele. Mpira ulikuwa mrefu kupita kiasi na ulijipinda chini katikati kama tumbo. Unyevu ulikusanyika hapo na kuganda. Niliukata ukawa mfupi, nikaupitisha ukishuka moja kwa moja kuelekea kwenye boksi la hewa bila kupinda mahali popote, na tangu siku hiyo naukagua kila asubuhi kabla ya plagi.

Klachi ndiyo iliyobaki. Mashine ya mlimani hutoka kiwandani na vyuma vyepesi vya klachi kwa sababu injini hupungukiwa nguvu huko juu. Turbo ikirejesha nguvu hizo, injini huzidi mizunguko yake, nami nililazimika kuongeza uzito wa vyuma hivyo kidogo kidogo hadi mizunguko ilipotulia pale pale ilipokuwa kabla ya turbo. Mkanda unapata kazi kubwa zaidi, na nimeupimia joto pia: ukifika nyuzi 90 napumzika.

Sasa imetimia saa 31 za kuendesha na turbo. Tofauti kati ya silinda mbili ni nyuzi 17, mchanganyiko unakaa kati ya 11.8 na 12.2 nikiwa nimebonyeza mafuta yote, na kabla ya kuzima naiacha injini ikinguruma taratibu kwa dakika moja ili oili iipoze ekseli ya turbo. Wiki ijayo natoa kichwa cha silinda kuangalia pistoni kwa macho yangu, kisha daftari litaanza ukurasa mpya.