Jasusi Mstaafu na Hundi Zilizochanwa

Juzi niliitazama tena Red, filamu ya Kimarekani ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Robert Schwentke, nikagundua kwamba kinachonichekesha zaidi si milipuko bali pensheni. Frank Moses, jasusi mstaafu wa CIA anayeigizwa na Bruce Willis, huchana kwa makusudi hundi zake za pensheni, kisha humpigia simu Sarah, mtumishi wa ofisi ya malipo, na kulalamika kwamba hazijamfikia, kwa kuwa hana kisingizio kingine cha kuisikia sauti yake. Mtu anayeweza kuua kwa mikono mitupu anashindwa kutamka neno moja la mapenzi!

Wauaji wanapomvamia usiku, anatia risasi kwenye kikaango zilipuke zenyewe ili wadhani kuna mtu anayewafyatulia. Baadaye anashuka kutoka kwenye gari linalozunguka kwa kasi huku akifyatua bastola, mtulivu kama abiria aliyefika kituoni; magoti yangu, ambayo ni machanga kuliko yake, yaliniuma kwa niaba yake.

Hata hivyo, anayewafunika wote, kwa maoni yangu, ni mwigizaji Helen Mirren, katika nafasi ya mwenye nyumba ya wageni anayekiri kwamba bado hupokea kazi ya kuua mara mojamoja, kwa sauti ileile ambayo bibi mwingine angeitumia kueleza kwamba bado anafuma vitambaa, na ambaye baadaye anaishika bunduki ya rashasha akiwa amevaa gauni jeupe la dhifa.