Siku moja chini ya kofia ya uyoga, Malindi

Saa 11 alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza baharini, huwa nimeshaingia bandani. Banda langu la makuti liko pembezoni mwa mji wa Malindi, na ndani yake imepangwa mifuko iliyojazwa majani makavu ya mgomba, ambamo naotesha uyoga wa chaza (Pleurotus). Kabla ya kunyunyiza maji, huinama na tochi nikatazama chini ya kofia za uyoga. Huko yako matamvua, zile kurasa nyembamba zinazofanana na matamvua ya samaki, na kila ukurasa umetandwa pande zote mbili na himenia, yaani tabaka la tishu linalozalisha spora, zile chembe ndogo kama vumbi ambazo uyoga huzaliana kwazo. Tabaka hilo ni jembamba mno, lakini ndilo linaloniamulia saa ya kuvuna.

Kofia ambayo ukingo wake bado umejikunja kuelekea chini haijaanza kumwaga spora kwa wingi, na hiyo ndiyo ninayoikata. Ile iliyokwisha kunyooka imechelewa, na ushahidi wake ni unga mweupe uliotua juu ya kofia za chini yake. Mwaka wa kwanza nilifanya kazi bila barakoa, nikakohoa wiki nyingi nikidhani ni baridi ya kusi, mpaka nilipojua kwamba spora za uyoga huu, zikivutwa siku baada ya siku, huweza kuyadhuru mapafu. Tangu hapo siingii bandani bila barakoa.

Saa 2 asubuhi napeleka mzigo mjini. Mpishi mmoja ninayemuuzia, aliyezoea uyoga wa porchini (Boletus edulis) wa Italia, aliniuliza leo kwa nini ule wake una kitu kama sifongo chini ya kofia badala ya matamvua. Nilimweleza kwamba sifongo ile ni vijibomba vingi vilivyosimama wima, na himenia imetanda ndani ya kila kijibomba. Umbo ni tofauti, haja ni ileile: kupata eneo kubwa la kuzalishia spora chini ya kofia ndogo.

Saa 4 nimerudi nyumbani, nikamkuta bibi jirani yangu mlangoni na kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huu nimeuokota malishoni baada ya mvua ya jana. Si ule wa kichuguu huu? Waliwa?"

Kofia zilikuwa pana na nyeupe, zenye magamba ya kahawia katikati, na matamvua yake yalikuwa meupe. Nilimwomba asiuweke jikoni mpaka usiku. Nilikata kofia moja, nikailaza juu ya karatasi nyeupe, matamvua yakiangalia chini, nikadondoshea tone la maji juu yake na kuifunika kwa bakuli.

Adhuhuri kuna joto kali na banda halihitaji kitu ila maji ukutani. Huo ndio wakati wangu wa hadubini, na nakiri kwamba ndio ninaoupenda kuliko wote. Nakata tamvua kwa wembe mpya, kipande chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, nakiweka ndani ya tone la maji, kisha nakuza mara 400. Ukingoni huonekana basidia, seli zenye umbo la rungu zilizosimama bega kwa bega, na juu ya kila moja kwa kawaida kuna vijiti vinne, kila kijiti kikibeba spora moja. Uyoga wa vifungo unaouzwa madukani (Agaricus bisporus) huwa na spora mbili tu juu ya kila basidia, na jina lake la kisayansi linasema hivyo hivyo. Kundi jingine la kuvu, ambalo hamira imo, halina basidia. Spora zake hukaa ndani ya vifuko, mara nyingi nane kwa kila kifuko.

Kinachonistaajabisha zaidi ni namna spora inavyoondoka. Kwenye kitako chake hujikusanya kitone cha maji, ambacho leo huitwa tone la Buller, kwa jina la A. H. Reginald Buller (1874–1944), aliyechunguza kuvu kwa miaka mingi huko Winnipeg, Kanada. Kitone hicho kikiungana ghafla na utando wa maji ulio ubavuni mwa spora, spora hurushwa. Hairuki hata milimita moja, na hiyo ndiyo hekima yake: hutoka kwenye himenia bila kugonga tamvua la mbele, kisha huanguka wima mpaka iupate upepo chini ya kofia. Ndiyo maana mfuko ukiinama, uyoga mchanga hujipinda ili matamvua yake yaning'inie sawasawa.

Saa 10 alasiri nilipita penye gogo la mwembe lililoota Schizophyllum commune, kuvu mdogo wa kijivu. Juzi, kabla ya mvua, matamvua yake yaliyopasuka yalikuwa yamejikunja na kuifunika himenia isikauke, leo yamekunjuka.

Saa 1 usiku nilifunua bakuli. Uyoga wa kichuguu huacha alama inayoelekea rangi ya waridi. Rangi ya spora peke yake haitoshi kusema uyoga unaliwa, lakini karatasi ilikuwa na mistari ya kijani kibichi iliyotawanyika kama miali, na kijani hicho pamoja na kofia zile vilinionyesha Chlorophyllum molybdites, uyoga wenye sumu inayotapisha na kuharisha vibaya. Nilivuka ua na karatasi mkononi. Bibi aliisogeza karibu na taa, akaitazama kwa muda, kisha akamwita mjukuu wake alete jembe, wakakizika kikapu kizima nyuma ya choo.