Koki za bafuni na maji ya chumvi ya Kigamboni

Atakayenishauri tena nisafishe koki kwa dawa ya choo nitamtolea ile niliyoitunza kwenye boksi la spana aione.

Huku kwetu Kigamboni tunatumia kisima, na maji yana chumvi. Koki na shawa zangu za kwanza zilikuwa za rangi ya dhahabu, seti elfu 60 na kitu, zinawaka kweli. Haikupita miezi mingi mdomo wa koki ukaota magamba meupe. Jirani akaniambia mwagia dawa ya choo, ilale mpaka asubuhi. Nikafuata. Asubuhi magamba yametoka na dhahabu imetoka nayo! Mchovyo, ule utando wa rangi wa juu, ulikuwa umevimba kama ngozi iliyoungua. Nikipitisha ukucha unabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kijivu tupu. Ile dawa ni tindikali kali, na mchovyo wenyewe ni mwembamba kuliko karatasi.

Nikaenda madukani, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mzee mmoja dukani akaigeuza koki, hata usoni hakuonyesha mshangao. "Mwanangu, chungulia humu ndani, mchovyo haufiki." Akakwangua kwa ufunguo kwenye meno ya kufungia: njano, shaba hiyo. Akachukua nyingine, kwa nje pacha kabisa, akakwangua: kijivu, zinki. Kisha akaniwekea moja kila kiganja. Ya shaba ilivuta mkono chini. Mimi nilikuwa nimebeba sumaku mfukoni kwa ushauri wa mtu mwingine; haikunata kwenye yoyote, kwa sababu sumaku haishiki shaba wala zinki.

Nilichukua za shaba zilizochovywa nikeli, juu yake kromu, karibu mara tatu ya bei ya zile. Nyeusi nilizitamani sana, lakini kwa maji yetu kila tone likikauka linaacha doa jeupe, na kwenye nyeusi linaonekana tangu mlangoni. Fundi alipotaka kukaza kwa spana yenye meno nilimzuia mpaka akaizungushia kitambaa.

Magamba yakianza nalowesha kitambaa kwa siki na maji nusu kwa nusu, nakifunga kwenye koki dakika 10, nasuuza vizuri. Steliwaya haigusi kitu bafuni kwangu. Na kila anayetoka kuoga anafuta koki kwa kipande cha kanga kinachoning'inia mlangoni, hata mdogo wa miaka 6.

Mwaka wa tatu huu, na bado naiona sura yangu kwenye koki.