Huyo Si Amin, Mwanangu

Julai 25 mwaka juzi, Siku ya Mashujaa, niliweka klipu kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Haikufika dakika moja: mtu wa miraba minne amevaa magwanda, anahutubia umati, na watu wanalipuka kwa shangwe. Juu yake kulikuwa na maandishi, "Idi Amin mwenyewe, 1971." Nikaongeza maneno yangu mawili ya kuwakumbuka askari wetu wa vita vya Kagera, nikaituma nikiwa kwenye daladala. Kabla sijashuka kituoni, vidole gumba na mioyo vilishapita kumi, na watu walishaanza kuifowadi.

Kisha ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa baba mkubwa, aliyeko Bukoba. Baba mkubwa alikuwa JWTZ. Alivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula na wenzake Januari 1979 wakaenda kwa miguu hadi Masaka. Kwenye kundi haandiki, herufi za simu ni ndogo kwake, na hata kuongea huongea mara chache. Ujumbe ulikuwa wa sekunde sita.

"Huyo si Amin, mwanangu. Mtazame jicho."

Nikaifungua tena klipu, nikaisimamisha, nikaivuta kwa vidole viwili. Kope la jicho la kushoto limelegea, limeshuka kidogo kuliko la kulia. Lilikuwa jicho la mwigizaji Forest Whitaker. Ilikuwa filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, inayomhusu Amin, ambayo mimi mwenyewe nilishaiona mara mbili nzima. Aliyeikata ile klipu aliigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, akaondoa sauti ya muziki, na hilo tu lilitosha kunipoteza.

Nilimpigia. "Shikamoo baba. Nisamehe." Akaitikia, akaniuliza habari za watoto, akaniuliza kama mvua imenyesha. Hakulitaja tena jambo lile, na kule kutolitaja ndiko kulikoniuma. Watu aliotembea nao wengine wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa, na mimi siku yao nimeipamba kwa sura ya mwigizaji.

Mimi ni mtu wa runinga tangu utotoni, na filamu za maisha ya watu ndizo nizipendazo kuliko zote. Sikutaka kuziacha. Nilichokitafuta ni namna ya kuzitazama bila kuwa msambazaji wa uongo. Nikaanza na jambo dogo: filamu ikianza, simu inakaa chumbani. Zamani nilikuwa natazama huku napekua, nakata kipande kilichonigusa, nakiweka statasi kabla hata filamu haijaisha.

La pili ni daftari, lile la kawaida la shule. Ukurasa wa kushoto naandika nilichoonyeshwa, wa kulia naandika nilichokithibitisha baadaye. Filamu ya kwanza kuingia humo ilikuwa ile ile. Kushoto: daktari Mskochi, Nicholas Garrigan, rafiki wa Amin. Kulia: hakuwahi kuwepo. Ametoka kwenye riwaya ya mwaka 1998, na sehemu yake imechotwa kwa Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa Amin. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimsimulia "yule daktari wa Amin" kama mtu aliyezaliwa na mama! Kushoto: Kay, mke wa Amin, anapendana na daktari huyo. Kulia: Kay alikuwepo kweli, na alikufa kifo kibaya mwaka 1974, lakini mapenzi na Garrigan ni ya kutunga, maana Garrigan mwenyewe ni wa kutunga. Whitaker nampa heshima yake yote. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi ile, na Oscar aliyoipata 2007 aliistahili. Ila ndiyo sababu klipu zake ni za kuogopwa: amemvaa mtu hadi mwenye macho hamtambui.

Jambo lililonichukua muda mrefu ni namna ya kumsahihisha mwenzako. Mdogo wangu anasoma Unguja. Siku moja aliweka statasi kipande cha filamu ya Bohemian Rhapsody, pale Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, anapowaambia wenzake kwamba ana UKIMWI, siku chache kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 13, 1985. Akaandika kwamba huo ndio ujasiri, kupanda jukwaani ukijua unakufa. Maneno mazuri, lakini waliokuwa karibu na Freddie wanaeleza kwamba majibu aliyapata 1987, miaka miwili baada ya tamasha. Umma aliutangazia Novemba 23, 1991, akafariki kesho yake. Watengenezaji walivuta jambo nyuma ili jukwaa la mwisho liwe na uzito. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Ugonjwa wa mtu una tarehe yake.

Sikumjibu mbele za watu. Nilimfuata inboksi, nikamtumia tarehe mbili tu, kisha nikamwambia kinachonisikitisha zaidi: Farrokh Bulsara, ndilo jina la kuzaliwa la Freddie, alizaliwa hapo hapo anaposoma yeye, Septemba 5, 1946, na familia yake iliondoka 1964 baada ya Mapinduzi, lakini filamu nzima haina hata kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe. Jioni yake alifuta ile statasi, akaenda Shangani, akapiga picha ya nyumba inayotajwa kuwa ya kina Bulsara, akaiweka hiyo.

Kuna filamu moja ambayo upande wa kulia wa daftari sikuhangaika nao sana, Queen of Katwe ya 2016, juu ya Phiona Mutesi, binti wa Kampala mcheza sataranji. Mwishoni waigizaji wanasimama bega kwa bega na watu halisi waliowaigiza. Mtoto wa dada alisogea hadi pua karibu iguse kioo, akimnyooshea kidole mmoja mmoja: huyu wa kweli, huyu wa filamu. Natamani kila filamu ya aina hii imalizike hivyo.

Desemba iliyopita nilikwenda Bukoba na fleshi mfukoni. Nilimwomba baba mkubwa tuitazame ile filamu ya Amin pamoja, naye akakubali. Sehemu ya kifo cha Kay niliiruka. Muda wote alikaa kimya, mikono juu ya mkongojo. Mwishoni kabisa zinakuja picha za zamani, Amin halisi. Baba mkubwa akajiinua kwenye kiti.

"Huyo sasa."

Yakaja maandishi kwamba aling'olewa 1979 na kwamba alifia uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003. Skrini ikawa nyeusi. Akangoja kidogo, kisha akanigeukia.

"Imeisha? Na sisi mbona hatumo?"

Hadithi ya filamu inaishia 1976, wakati ndege iliyotekwa ilipopelekwa Entebbe. Vita vyake yeye vilianza miaka miwili baadaye. Nikazima TV, nikachukua daftari, nikamwomba aanze. Alianzia Kyaka, kwenye daraja lililolipuliwa na majeshi ya Amin, na usiku ule tulifika Mutukula tu.